Nilimpeleka Farasi Mwoga Kwenye Matanga ya Baba Mkwe

Mimi nilikuwa mtu wa kusema hakuna kitu hapa duniani kinaweza kunishangaza. Niliingia mashimo ya Macalder kabla sijaota ndevu. Nimefukiwa na udongo nikavutwa nje kwa miguu kama kuku. Nimeshika dhahabu ukubwa wa punje ya hindi asubuhi, na jioni nikakopa unga. Shule niliachia darasa la nne, lakini leo ukipita Masara ukisikia vinu vya kusaga mawe vikinguruma, jua vingi ni vyangu. Mtu akiniambia ameshangaa, nilikuwa namcheka.

Basi leo nakubali mbele yenu, nilishangazwa! Aliyenishangaza ana miguu minne, na kosa halikuwa lake. Lilikuwa langu lote, kuanzia kwato mpaka mkia.

Jina siandiki. Ingawa kutoka Migori mjini mpaka Mbita, nusu ya watu watanijua kwa hadithi tu. Wengine wameshaiona kwa simu.

Ilianza na majivuno. Gari nilikuwa nalo, lakini siku hizi Masara gari ni kama mwavuli, kila mtu ana lake. Nyumba ya vigae ninayo. Nikawa najiuliza, mtu kama mimi amebakisha nini? Ndipo mnunuzi mmoja wa dhahabu kutoka Nairobi akanionyesha picha za farasi waliostaafu mashindano. Ati wanauzwa bei rahisi kwa sababu hawakimbii tena. Hawakimbii tena! Hayo maneno yake bado nimeyaweka, siku moja nitamrudishia.

Nikaleta mmoja kwa lori. Rangi yake kama udongo wa kichuguu, na paji la uso lina alama nyeupe. Nikampa jina Jaber, kwa Kijaluo ni mrembo. Siku aliyoshuka Masara kazi ilisimama. Watu walitoka chini ya ardhi na taa zao kichwani kuja kumwona, na mimi nimesimama kando yake nimeshika kiuno, kama vile nimemzaa.

Halafu mtu akawasha kinu.

Yawa! Jaber alipanda angani. Alivunja ua, akapita katikati ya nguo za jirani zilizoanikwa, na tukampata jioni kwenye shamba la mihogo, shuka la watu limemning'inia shingoni kama bibi harusi.

Hapo ndipo nilielewa nimenunua farasi mwoga. Si mkali, mwoga. Mfuko wa plastiki ukipeperuka, anaona simba. Pikipiki ikikohoa, anaona mwisho wa dunia.

Watu wakanielekeza kwa mama mmoja Mkuria wa upande wa Kehancha, Mama Boke, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya farasi huko Molo. Kama mnafikiri mimi ndiye najisifu, hamjamsikia huyo mama. Siku ya kwanza alinihesabia farasi wote ambao wangekuwa wamekufa kama si yeye, mpaka chai yangu ikapoa.

Nilidhani atanipandisha siku hiyohiyo. Hapana. Kazi yangu ilikuwa kusimama karibu na farasi na kupumua.

"Unapumua kama mtu amefukuzwa na nyuki," akaniambia. "Pumua polepole. Hii farasi inasikiliza tumbo lako, haisikilizi pesa yako."

Mimi, mwenye vinu, nikafundishwa kupumua! Lakini nilifuata, na nilianza kuona mambo. Farasi hafuatwi kwa nyuma, unamjia upande wa bega huku ukimwongelesha, ajue uko wapi. Kamba yake huizungushi mkononi, kwa sababu akishtuka anaondoka na vidole vyako. Masikio yake ndiyo mdomo wake. Yakilegea, mko sawa. Yakisimama wima na shingo ikawa ngumu, ameona jambo, mwache atazame, usimlazimishe.

Na kelele tulimzoesha kidogo kidogo. Mama Boke alianza na karatasi ya nailoni, mbali kabisa. Jaber akitulia, karatasi inaondolewa, hiyo ndiyo zawadi yake. Kesho yake inakuja karibu kidogo. Halafu bodaboda iliyozimwa. Halafu iliyowashwa. Mwishowe akawa anakula majani huku kinu kinanguruma ng'ambo ya barabara, na mimi nikanunulia kijiji kizima soda.

Siku nilipopanda, Mama Boke alinipa neno moja ambalo alilirudia mpaka nikaliota. Akikurupuka na wewe, usimbane na miguu na usivute hatamu zote mbili, hiyo ni sawa na kukanyaga mafuta na breki pamoja. Vuta hatamu moja. Mgeuze kichwa mpaka pua ije karibu na goti lako, azunguke pale pale. Farasi anayetazama mkia wake hawezi kukimbia mbali.

Wenzangu, sitawadanganya. Siku Jaber alipoenda mchakamchaka nami mgongoni, nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Upepo usoni, masikio yake mbele yangu kama vidole viwili vinavyoonyesha njia. Maisha yangu yote nilikuwa nashuka. Siku hiyo nilikuwa juu.

Sasa sikilizeni mahali nilipoharibu.

Baba mkwe wangu alikuwa mzee wa Rusinga. Siku nilipokwenda kuposa binti yake, aliniangalia matope kwenye kucha akaniuliza, "Kijana, wewe unakaa chini ya ardhi kama fuko. Binti yangu utamweka wapi?" Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Lakini hilo neno nilienda nalo, nikalala nalo, nikalichimbia dhahabu. Mahari nilimaliza, ng'ombe wote. Hata hivyo mzee aliendelea kuniita Fuko mpaka alipofariki.

Mke wangu, nitamwita Nyar Rusinga, yaani binti wa Rusinga, maana ndivyo nimwitavyo, alitangulia kwao kuomboleza. Kabla hajaondoka alinikalisha chini. Alijua kichwa changu kinavyofanya kazi.

"Baba yangu anazikwa mara moja tu," akasema. "Njoo na gari. Leta fahali kama wakwe wengine, keti utakapowekwa, kula utakachopewa. Ukinifedhehesha pale kwetu, utarudi Masara peke yako."

Nikamwambia sawa. Huo ulikuwa uongo wa kwanza.

Wale wasio Wajaluo niwaeleze. Mzee mwenye heshima akifa, kwetu kuna tero buru. Wanaume wanakimbiza ng'ombe mpaka mpakani kukifukuza kifo, halafu wanarudi nao mbio nyumbani. Kuna filimbi, kuna ngoma, kuna pembe za kupuliza, kuna marungu na matawi, vumbi mpaka humwoni jirani yako. Mkwe naye hafiki mikono mitupu, analeta fahali wake.

Mimi fahali sikununua. Nilisema, fahali wa nini wakati kila mkwe atakuja naye? Nitaingia mbele ya ng'ombe wote nikiwa juu ya farasi! Fuko ametoka shimoni! Nilitaka mzee anione, hata kama amelala kwenye sanduku. Nilitaka Rusinga nzima ihadithie.

Imehadithia.

Mama Boke aliniuliza vizuri kabisa, huko matangani kuna nini? Maana Jaber amezoea pikipiki na karatasi, lakini ng'ombe wanaokimbizwa na watu wanaopiga filimbi hatujamfundisha, na hilo ni somo la miezi. Nikamwambia hawa ni watu wa kanisa, ni wimbo kidogo na maombi. Huo ulikuwa wa pili, na mbaya zaidi, kwa sababu huyo mama aliniamini akapanda lori pamoja nasi.

Tulivuka daraja la Mbita vizuri. Tukamshusha Jaber karibu na ufuo, akanywa maji ya ziwa, akapigwa picha. Nikampanda, nimevaa suti nyeupe na kofia ya ukingo mpana. Helmeti niliyopewa na mwalimu niliiacha kwa lori, ingeniharibia kofia.

Ndipo tukasikia filimbi ya kwanza kutoka mlimani.

Mama Boke akasimama. Akaniuliza hizo ni kelele gani.

"Kwaya," nikasema.

"Kwaya gani inatembea na ng'ombe?"

Alishika hatamu karibu na mdomo wa Jaber, akaninong'oneza kama anayezungumza na mgonjwa. "Mzee, shuka. Tazama masikio."

Nilitazama. Moja liko mbele, moja liko nyuma, kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea. Niliona kwa macho yangu mawili. Nilijua maana yake. Na nikamwambia huyo mama neno ambalo naliombea radhi mpaka leo: "Mwenye farasi ni mimi."

Akaachia.

Ng'ombe walitokea juu ya kilima, wengi, vumbi nyuma yao, na wanaume wamejipaka majivu wanaruka na matawi. Shemeji yangu mkubwa, Okeyo, alikuwa mbele akipuliza pembe. Aliponiona alifurahi sana, maskini. Alikuja mbio kunisalimia, na akapuliza ile pembe karibu kabisa na sikio la mnyama.

Hatamu moja? Goti? Pumua? Ndugu zangu, kichwani hakukuwa na kitu. Nilibana na miguu, nikavuta zote mbili, nikapiga nduru. Mafuta na breki!

Huyo farasi asiyekimbia tena, alikimbia. Tulipita mihogo. Tulipita zizi la mbuzi. Kofia ilienda zake. Nyuma yangu ng'ombe nao waliona kama wameonyeshwa njia, wakatufuata. Nasikia watu walishangilia, walidhani ndivyo nilivyopanga! Mzee mmoja alisema tangu utoto wake hajawahi kuona kifo kikifukuzwa hivyo.

Tukaingia lango la boma. Mbele kuna tenti, kuna viti, kuna akina mama wa kwaya. Watu walitawanyika kama vifaranga. Na katikati ya njia, juu ya mkeka, mtoto msichana amelala usingizi.

Hapo naacha kucheka. Nilimwona kabisa. Niliona gauni lake la njano. Sikuweza kufanya chochote, na mtu asije akawadanganya kwamba mimi ndiye nilimrusha farasi. Jaber mwenyewe alijikusanya akaruka, juu ya mtoto na juu ya benchi lililokuwa mbele yake, akashuka upande wa pili, na mtoto hata hakuamka. Kuna usiku bado naliona lile gauni.

Baada ya benchi kulikuwa na nyumba ya mama mkwe, mlango wazi, ndani giza. Farasi mwoga haingii gizani. Jaber alisimama ghafla, miguu yote minne.

Mimi sikusimama.

Niliingia kwa mama mkwe kwa njia ya hewa. Nilipita sebule, nikapita pazia, nikatua juu ya kitanda chake.

Kwetu, mkwe mwanamume hata mlango wa chumba hicho haukaribii. Mama mkwe, tunamwita maro, unamsalimia kwa mbali ukiinamisha macho. Huli mbele yake ovyo. Chumba chake cha kulala hukijui na hutakiwi kukijua. Na mimi nimelala kwenye kitanda chake, suti imepasuka kutoka mshipi mpaka goti, na yeye ameketi pale pale sakafuni na wajane wenzake, amevaa nguo za msiba.

Nje ng'ombe wanazunguka nyumba.

Maro alijifunika uso kwa leso. Mabega yakaanza kutikisika. Nikasema, nimemliza mjane, nife tu. Kumbe alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, na wale bibi wengine wakamshika wakicheka pia. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba tangu mzee afe mama hakuwa amefungua mdomo hata kwa uji.

Mimi hakunisemesha, si heshima. Aliwageukia wenzake.

"Mwambieni tumeona amefika," akasema.

Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika. Waliponitoa nje nilimwona Nyar Rusinga amesimama mlangoni. Nilitaka aniseme. Aniite majina yote. Aliangalia ile suti, akaangalia mkeka wa yule mtoto, akageuka akaenda kwa kaka zake. Nyumbani nina mashimo marefu, lakini sijawahi kushuka chini kama pale.

Mama Boke alimpata Jaber nyuma ya migomba anatetemeka. Hakumkimbilia. Alisimama pembeni anaangalia ziwa kama hana haja naye, mpaka farasi mwenyewe akamjia akaweka pua kwenye bega lake. Alipopita karibu nami akanipa ripoti yake: "Farasi ni mzima. Wewe watakuangalia hospitali."

Mzee akazikwa vizuri, mimi nikiwa Homa Bay nafungwa mkono. Kesho yake nilirudi kuomba msamaha. Nilidhani nitapigwa faini ya mbuzi kwa ajili ya kile kitanda, na kweli nilipigwa, mbuzi nikaahidi. Nikainuka. Okeyo akaniambia nikae.

"Or," akasema, maana ndivyo shemeji anavyoitwa kwetu, "wakwe wote walileta fahali. Wako yuko wapi?"

Akaonyesha kwa kidole pale Jaber alipofungwa. Akasema mnyama aliyeletwa na mkwe kwenye matanga harudi alikotoka, hiyo si sheria yake, aliikuta. Wazee wakaitikia. Mmoja aliuliza kama nyama yake inaliwa. Mwingine akasema nyama ni nyama.

Na hapo, wasomaji wangu, ndipo niligundua kitu. Nilimnunua yule mnyama nionekane, na sasa nalia mbele ya watu wazima nisimpoteze. Nilipiga magoti na mkono umefungwa. Nikaomba nimkomboe kwa pesa, bei yoyote.

Bei ya farasi Rusinga nani anaijua? Wakamwita Mama Boke, wakamuuliza kama hiki kitu kina thamani. Nilimkonyeza. Nilikohoa. Lakini nilikuwa nimemdanganya huyo mama, na zaidi ya hayo kuna mtu alikuwa amemuuliza kuhusu kazi yake!

"Thamani?" akasema. "Hii farasi imeruka mtoto na benchi, na gunia la mahindi likiwa mgongoni. Kenya hii hamtapata nyingine. Nimeifundisha mimi."

Bei ikapanda watu wakiwa bado wanacheka.

Ndipo Nyar Rusinga, aliyekaa upande wa kaka zake muda wote bila kunitazama, akainuka. Akasema bei ataitaja yeye, maana msiba ni wa baba yake. Akanijia, akaingiza mkono mfukoni mwangu akatoa simu. Namba ya siri anaijua. Akasoma pesa zilizokuwemo, akataja kiasi hicho hicho, senti kwa senti, na akazituma kwa mama yake mbele ya wote.

"Sasa hata nauli sina," nikamwambia.

"Nauli nitalipa mimi," akasema. "Panda lori. Twende nyumbani."

Ndugu zangu, sijawahi kupoteza pesa nikafurahi hivyo! Bega linauma, suti ni matambara, mke wangu amekaa kando yangu kwenye lori hanisemeshi, lakini amekaa. Tulipofika Ndhiwa alianza kucheka. Mpaka Migori hakuwa amemaliza.

Sasa nawaomba. Kama una farasi mwoga, usimpeleke mahali hujamfundisha, hata kama watu wote wanangoja kukuona. Vaa helmeti, kofia haizuii ukuta. Mwalimu akikwambia shuka, shuka, usimkumbushe ni mali ya nani. Usimfiche mtu anayekushikia hatamu kile kinachokuja mlimani, kwa sababu mimi Mungu alinilindia yule mtoto, na wewe sijui kama atakulindia wako. Na kama unataka kumwonyesha marehemu kitu, ujue hatazami. Wanaotazama ni walio hai, na ndio utakaorudi nao nyumbani, wakikubali.

Jaber yuko Masara. Tumeanza naye upya, kwa karatasi, mbali kabisa. Fahali mzuri ningempata sokoni nikabaki na chenji nene. Badala yake nilimnunua farasi wangu mwenyewe kwa mara ya pili, kwa shilingi laki mbili, elfu arobaini na saba, mia nane na sitini.